Diski ya Norwei Iliyopitia Bukavu

Mnorwei alifika siku ya Jumatano, saluni ikiwa imejaa. Duka letu lipo Malvern, hapa Johannesburg, kando ya Jules Street, nalo limegawanywa kwa pazia: mbele ni saluni ya mke wangu, nyuma ni meza yangu ya kutengeneza vyombo. Anayenitafuta mimi lazima apite katikati ya wanawake wenye vichwa vilivyolowa, na wanaume wengi hupita wakitazama sakafu. Yeye alisimama mlangoni akawaamkia wote, kwa Kiswahili cha Bukavu, kile cha zamani cha watu wa umri wa mama yangu.

"Jambo, bamama bote. Niko natafuta papa mwenye kutengeneza kompyuta za zamani."

Mteja mmoja akasema kutoka chini ya draya ya kukaushia nywele, "Eish. Huyu muzungu, balimuokota wapi?"

"Kadutu," akajibu, akitaja mtaa wa Bukavu. "Nyuma ya soko."

Walicheka mpaka mke wangu akaacha kusuka. Mnorwei alipopenya pazia na kukaa kwenye kiti cha wateja wangu, nilitegemea kumwona naye akicheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa mtu wa makamo kama mimi, na alishika kopo la biskuti la bati kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto.

Ndani ya kopo mlikuwa na diski moja, ile pana na laini ya kompyuta za nyumbani za miaka ya themanini: gamba jeusi la mraba, na ndani yake duara jembamba la sumaku linalozunguka. Pale gamba lilipoachwa wazi ili duara lisomwe, niliona madoa ya kijivu. Ilikuwa kuvu.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," akasema. "Kama ni miye nilifuta hii kazi, ao hapana."

"Kazi gani?"

"Demo. Ya mwisho ya kikundi chetu."

Nilijua demo ni nini. Ni programu isiyopiga hesabu wala kuchezwa kama mchezo. Kazi yake ni kuonyesha: rangi, maumbo yanayozunguka, muziki, maandishi yanayopita kwenye kioo, vyote kwa wakati mmoja, kwenye mashine ndogo ambayo walioitengeneza hawakudhani ingeweza. Vijana wa Ulaya ya kaskazini waliziandika kwa ajili ya kushindana wao kwa wao. Mimi nilikutana nazo nikiwa mlinzi wa jengo la ofisi huko Marshalltown, katikati ya jiji. Kampuni moja ilikuwa imehama na kuacha kompyuta mbovu za nyumbani na vitabu vyake, nikaruhusiwa kuvichukua. Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza lugha ya mashine kwa kuzifumua demo moja moja, kama fundi cherehani anavyofumua koti la mwenzake ili aone mshono unapitia wapi. Kwa hiyo hakuhitaji kunieleza kwamba kitu hicho kina thamani. Alihitaji kunieleza lililotokea, na alilieleza vizuri, kwa utaratibu, akitazama kopo.

Wazazi wake walikuwa wamisionari. Alikulia Bukavu, na alipofika umri wa sekondari walimrudisha Norwei kwa bibi yake, katika mji mdogo wenye kiwanda kimoja na mvua nyingi. Huko hakuwa na mtu. Kinorwei chake kilikuwa cha mahubiri. Wenzake shuleni walimwita mchungaji. Watu wa kwanza kumkaribisha chumbani kwao walikuwa vijana watatu wenye kompyuta. Mmoja aliandika programu, wa pili alichora, wa tatu alitunga muziki. Kilichobaki kilikuwa usambazaji, na yeye ndiye aliyeuchukua.

Msambazaji ndiye aliyekuwa posta ya kikundi. Kila siku alipokea bahasha za diski kutoka kwa vikundi vingine, Denmark, Uholanzi, Ujerumani, akanakili, akarudisha pamoja na kazi za kwao. Stempu zilikuwa ghali kwa mwanafunzi, kwa hiyo walizipaka gundi nyembamba juu yake. Aliyepokea alizilowesha, muhuri wa posta ukatoka pamoja na gundi, akazirudisha zitumike tena. Diski nazo zilikuwa ghali. Hawakuandika jina kwenye diski yenyewe, kwa sababu kesho ingekuwa na kitu kingine. Waliandika kwa penseli kwenye mfuko wa karatasi uliohifadhi diski, na kitu kipya kilipokuja, walifuta penseli.

"Walikuheshimu?" nikamuuliza.

"Msambazaji?" Akatabasamu kidogo. "Papa, msambazaji ni sawa na mwenye kubeba ngoma. Bila yeye hakuna muziki, lakini hakuna mutu anamuangalia."

Kisha akaniambia kuhusu demo ya mwisho. Yule mwandishi wa programu alikuwa ameifanyia kazi majira yote ya baridi. Kisomaji chake cha diski kilikuwa kinakaribia kufa na kilikuwa kimeharibu diski zake za kazi, kwa hiyo nakala nzima ilikuwa moja, naye alimpa msambazaji aizalishe na kuileta kwenye mkutano wa Pasaka, ambapo vikundi vingeonyesha kazi zao ukumbini. Msambazaji alileta mfuko wa karatasi wenye jina la demo kwa penseli. Walipoitia diski iliyokuwemo, mbele ya ukumbi mzima, ilikuwa tupu.

Mwandishi wa programu alisema: umeifuta. Ulinakili michezo ya watu juu yake, kama kawaida yako.

"Na wewe?"

"Mi nilisema, mbele ya bote: hukumaliza kuiandika. Ulinipa diski tupu ili lawama iwe kwangu."

Watu walimwamini msambazaji. Demo zilizotangazwa na kutomalizwa zilikuwa nyingi, na mwandishi wa programu alikuwa mkimya, hakujua kujitetea. Kikundi kilivunjika kabla ya mkutano kwisha. Siku hizi kuna tovuti ambamo wapenzi wa mambo hayo huandika historia ya kila kikundi, na kwenye ukurasa wa kwao imeandikwa sentensi moja kuhusu kazi hiyo: ilitangazwa, lakini haikutengenezwa. Mwandishi wa programu ameishi na sentensi hiyo tangu ujana.

Mama yake Mnorwei alikuwa amerudi Bukavu na masanduku yake, vitu vya mwanawe vikiwemo, kisha uzeeni akaja kuishi na mwanawe hapa Johannesburg, na alipofariki, kopo lilikutwa chini ya vitambaa. Diski ilikuwa peke yake, bila mfuko wa karatasi. Mnorwei hakujua ni ipi. Lakini kwenye kona ya gamba palikuwa na alama ya jino. Mwandishi wa programu alikuwa na tabia ya kuuma kona za diski zake akifikiri.

"Ijumaa jioni nasafiri," akasema. "Tunakutana bote bane, kikundi chetu, mji ule ule. Nikienda bila kujua, nitakaa mezani na yeye namna gani?"

Nilimwambia ukweli wa kazi. Duara lenye kuvu likizungushwa hivi hivi, kichwa cha kusomea kinakwangua kuvu pamoja na sumaku, na kilichokwanguliwa hakirudi. Lazima lisafishwe kwanza, na hata likisafishwa, huenda litavumilia kusomwa mara moja tu. Akakubali. Akaacha kopo, na alipopita tena saluni hakuna aliyemtania.

Jioni ile nilipasua gamba upande mmoja kwa wembe, nikalitoa duara nikiwa nimevaa glavu za pamba. Nikaliosha kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo, nikalisuuza, nikalilaza kwenye kitambaa kisicho na nyuzi. Kuvu ilikuwa ukingoni tu. Katikati duara lilikuwa safi, rangi ya kahawa. Nilichukua gamba la diski nyingine isiyo na kitu, nikaliandaa kulipokea. Gamba la zamani nililichunguza kabla ya kuliweka kando. Kwenye ubavu wake wa pili palikuwa na pengo la mraba lililokatwa kwa mkasi. Hilo nililijua. Diski ziliuzwa ziandikwe upande mmoja, na vijana walikata pengo la pili ili wazigeuze na kuandika upande wa pili pia. Kwa hiyo kulikuwa na pande mbili za kusoma, si mmoja.

Kesho yake Mnorwei alikuja asubuhi, akiwa ameomba ruhusa kazini. Kulikuwa na tatizo la umeme. Umeme wa jengo letu haupendi vitu vingi kwa pamoja. Draya zikiwashwa, taa yangu ya mezani hupepesa, na kisomaji kikipepesa katikati ya kazi, mara yetu moja ingekuwa imekwenda. Nilipenya pazia nikaomba draya zizimwe.

"Kwa muda gani?" mke wangu akauliza.

"Mpaka nimalize."

"Papa, miye niko na maji kichwani," akasema mteja wa jana, aliyekuwa amerudi kurekebishiwa nywele. "Unasoma nini huko, Ufunuo?"

"Anasoma diski ya ule muzungu wa Kadutu," mwenzake akamjibu. "Ile ya dhambi."

Nilimtazama mke wangu. Akainua mabega. Pazia letu ni kitambaa tu.

Draya zikazima. Niliingiza diski, nikaanza na upande wa kwanza. Kisomaji nilichotumia kilitoka kwenye kompyuta ya ofisi, nami nilikuwa nimekiunganisha na kompyuta yangu ili kila mpigo wa sumaku uchorwe kwenye kioo kama mstari unaopanda na kushuka. Njia moja, yaani mzingo mmoja wa data, ikisomwa, kichwa husogea hatua moja kwenda ndani na kutoa sauti ya kugonga. Nilisikiliza sauti hiyo kuliko nilivyotazama kioo. Diski inayokwanguliwa hulia kabla haijaharibika, mlio mwembamba, na nilikuwa nimeweka kidole kwenye swichi. Mnorwei alikaa amefumbata mikono katikati ya magoti. Haikulia. Njia za ukingoni zilikuwa na kasoro, za ndani zilisomeka zote.

Nilifungua orodha ya vilivyomo. Michezo minne, iliyovunjwa ulinzi wake dhidi ya kunakiliwa na vikundi vya nchi nyingine. Juu ya orodha, mahali pa jina la diski, palikuwa na nyota na vistari vilivyopangwa kama ukingo wa kitenge.

Alisogeza kiti karibu na kioo.

"Hiyo ni alama yangu," akasema. "Kila diski niliyonakili, niliweka vile. Hakuna mwingine alijua kuipanga." Kisha, taratibu: "Voilà. Ni miye."

Nikamwambia kulikuwa na upande wa pili. Nikaigeuza diski, nikaiingiza, nikasoma. Kioo kilichora mstari ulionyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mpigo hata mmoja. Nikasema, "Hapa hakuna kitu," nikazima kisomaji.

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa ameshaijua. Akaanza kuongea haraka. Sasa alikumbuka, au alidhani anakumbuka: meza iliyojaa diski usiku wa kuamkia safari, mifuko ya karatasi iliyofanana, diski mbili zilizorudishwa kila moja kwenye mfuko wa mwenzake. Alimnakilia mtu wa Denmark michezo kwenye diski aliyodhani ni tupu, na hakuwahi kuituma. Na ile tupu aliibeba kwenda mkutanoni ndani ya mfuko wenye jina.

"Papa," akasema, "kuvu inaweza kula upande mzima?"

"Inaweza."

"Donc, basi, ukiniandikia karatasi kwamba kuvu ilikula, si uongo mukubwa. Demo ilikuwa hapa, iliharibika. Yeye atajua aliimaliza. Na miye…"

Nilielewa mpango wenyewe, na ulikuwa na huruma ndani yake, kwa mwenzake na kwake mwenyewe. Nilimjibu kwamba kuvu ilikuwa ukingoni na katikati hapakuwa na kuvu, na kwamba mtu aliyeandika programu ile angeuliza njia ipi iliharibika, na ningelazimika kutunga namba. Sitajua kuzitunga vizuri, nikamwambia. Atagundua.

"Hapa si kanisa," sauti ikasema kutoka nyuma ya pazia, "lakini muache kusema uongo, tunasikia."

"Wewe nyamaza," mke wangu akamwambia, bila ukali.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kilichopoa, nikiutazama ule mstari ulionyooka ambao bado ulikuwa kwenye kioo, na ulikuwa unanikera. Nilipata jibu nilipoacha kumsikiliza yeye nikausikiliza mstari. Diski tupu haichori mstari ulionyooka. Diski tupu ina kelele, mawimbi madogo yasiyo na maana, kama redio kati ya stesheni. Hapa hapakuwa na hata kelele. Maana yake kisomaji changu hakikusoma utupu, hakikusoma kabisa.

Na sababu ilikuwa ya kijinga. Kisomaji cha ofisi, kabla ya kusoma, hutafuta kitundu kidogo kwenye gamba ambacho mwanga hupenya ili kihesabu mizunguko. Kompyuta za vijana wale hazikuwahi kuhitaji kitundu hicho, ndiyo maana waliweza kugeuza diski watakavyo. Nilipoigeuza mimi, kitundu cha gamba kilihamia upande mwingine, mwanga ukazibwa, na mashine ikakaa ikingoja. Nilikuwa nimemwambia mtu kwamba hakuna kitu, bila kuangalia.

"Kaa," nikamwambia, kwa maana alikuwa amesimama.

Suluhisho lilikuwa kulitoa duara tena, kuligeuza lenyewe, na kulirudisha kwenye gamba lisilogeuzwa. Maana yake ni kulishika uchi mara ya pili. Nilivaa glavu. Nililiingiza kidogo kidogo, nikipuliza mbele yake kwa pampu ndogo ya mpira. Nilipowasha, mstari ulipanda na kushuka.

Njia zilisomeka moja baada ya nyingine, mpaka za katikati kisomaji kikatoa mlio mwembamba. Nilizima. Nikafuta kichwa cha kusomea kwa spiriti, nikangoja kikauke, nikawasha kuanzia njia iliyofuata. Mlio haukurudi. Ilipokwisha, nilikuwa na upande wa pili wote isipokuwa njia moja, na njia hiyo, nilipoikagua, haikuwa na data.

Kulikuwa na programu moja kubwa na muziki. Haikuwa na orodha wala jina, kwa sababu demo ilipangwa kuanzia upande wa kwanza: upande wa kwanza ungeleta sehemu za mwanzo, kisha ungeomba diski igeuzwe, kisha ungeiambia mashine ianzie wapi kuiendesha sehemu ya mwisho. Maelezo hayo ya kuanzia yalikuwa upande wa kwanza. Chini ya michezo minne.

Nilimweleza hivi: sehemu ya mwisho ipo, nzima, lakini ni nyumba isiyo na mlango. Ndani ya kumbukumbu ya mashine kuna mahali pamoja pa kuanzia, na mahali hapo pana namba. Naweza kuitafuta kwa kusoma programu mstari kwa mstari, lakini imebanwa ili ienee, na itanichukua wiki, labda zaidi. Mtu anayeijua namba hiyo ni mmoja.

"Kama atakumbuka," akasema.

"Kama atakumbuka."

"Na kumuomba namba, lazima nimuambie kwa nini upande wa kwanza hauna."

Alikaa. Mbele, mlango wa saluni ulifunguka, mteja mpya akaambiwa kwa kunong'ona asubiri, draya hazifanyi kazi. Mnorwei alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Angeweza kusafiri kesho yake akiwa na nusu ya demo na hadithi ya kuvu kwa nusu nyingine, na mimi ningetafuta namba akiwa hayupo. Nilijua anaiwaza njia hiyo. Ilikuwa njia nzuri.

Alipiga. Aliongea Kinorwei, lugha ambayo siijui hata neno. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya salamu. Kisha akaongea sentensi fupi, moja, moja, akisubiri baada ya kila moja kama anayeweka vitu vizito mezani. Kisha akanyamaza na kusikiliza, na upande wa pili nao ulikuwa kimya, kwa sababu sikusikia hata mnong'ono kutoka kwenye simu. Akasema neno moja tena. Akaiondoa simu sikioni.

"Amekata."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Nilimuambia yote, na ile ya ukumbini, kwamba nilimuita muongo mbele ya bantu na muongo ni miye. Alikata."

Mke wangu alifunua pazia. Alimletea kikombe cha chai, akasimama hapo akifuta mikono, kisha akaniambia, "Wanawake wale wamekubali kukaushwa na jua nje. Draya zitakaa zimezimwa; usiharakishe kwa ajili yetu."

Tulingoja. Nilijishughulisha kuandika nakala ya upande wa pili kwenye diski mpya, na kuitoa kwenye rafu kompyuta yangu ya aina ile, ile nene iliyo kibodi na mashine kwa pamoja, na kuiunganisha na kioo kidogo. Nikapakia programu kwenye kumbukumbu. Mashine ikasema iko tayari na kuonyesha alama yake inayowaka na kuzima. Ilikuwa na kila kitu ndani yake isipokuwa mahali pa kuanzia. Chai yake ilipoa pia.

Simu ikalia mlio mfupi. Mnorwei akasoma, akanigeuzia. Hapakuwa na salamu wala jina. Palikuwa na herufi na tarakimu nne tu, kwa mtindo wanaotumia waandishi wa lugha ya mashine.

Niliibadilisha kuwa namba ya kawaida, nikaangalia hesabu mara mbili, nikaiandika. Kisha nikamsogezea kibodi, kwa sababu kubonyeza haikuwa haki yangu.

Kioo kikawa cheusi. Nilihesabu pumzi kadhaa na kuanza kufikiri kwamba mtu husahau, miaka ni mingi. Kisha mstari mwekundu ukatokea katikati, ukafunguka kama jicho, na muziki ukaanza, mzito chini na juu yake ukiwa mwembamba na mwepesi. Uso wa maji ulijaza kioo kizima, maji ya rangi nne tu yaliyokuwa yakipanda na kushuka, na juu yake mchemraba ukizunguka na kuakisiwa humo. Nilijua mashine ile kwa miaka. Sikujua inaweza kuakisi. Nilijikuta natafuta jinsi alivyofanya badala ya kutazama.

Wanawake walikuwa wameingia, mmoja mmoja, taulo kichwani. Yule wa Ufunuo aliyumbisha mabega.

"Hii ni ndombolo ya kwao?"

"Pole pole yake imezidi," mwenzake akasema. "Lakini maji ni ya kweli."

Mnorwei hakuwasikia. Alirekodi kwa simu, mkono ukiwa umeegemezwa mezani usitikisike. Chini kabisa ya kioo, mstari mmoja wa maji ulikuwa ukitetemeka, kushoto kulia, kama uzi uliolegea. Maandishi yalipita, salamu kwa vikundi vya nchi mbalimbali kama ilivyokuwa desturi, vikundi ambavyo vingi, aliniambia, vilikuwa marafiki zake yeye, waliofahamika kwa bahasha tu. Programu ikazunguka ikaanza upya. Alituma alichorekodi.

Jibu lilichukua muda uliotosha kwa mtu kutazama mara mbili. Alilisoma kimya, kisha akatutafsiria, kwa kuwa sote tulikuwa tumesimama pale bila aibu.

"Anasema: mstari wa chini unatetemeka. Nilijua utatetemeka, sikupata wakati wa kuutengeneza." Akasogeza ujumbe kwa kidole. "Anasema: njoo na diski. Na usinakili kitu juu yake."

"Amekutukana," mke wangu akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi atakufungulia mlango."

Hakucheka, lakini mabega yake yalishuka. Akaomba kutumia kompyuta yangu ya kazi. Alifungua ule ukurasa wa historia ya vikundi, akatafuta wa kwao, akafika kwenye ile sentensi: ilitangazwa, lakini haikutengenezwa. Mtu yeyote aliyejisajili anaweza kuisahihisha, na alikuwa amejisajili tangu zamani, akaniambia, lakini hakuwahi kuigusa. Aliandika aya ndefu. Akaisoma. Akafuta karibu yote. Mbele, mke wangu aliniuliza kwa sauti kama sasa anaweza kuwasha, nikamjibu awashe, draya zikaanza kuvuma na taa yangu ikapepesa.

Alinitafsiria alichobakiza. Kwamba demo ilitengenezwa na ikamalizwa na mwandishi wake kabla ya mkutano; kwamba upande wa kwanza ulifutwa na msambazaji wa kikundi, kwa kosa, naye akamsingizia mwandishi; kwamba upande wa pili upo na umeonekana ukifanya kazi Johannesburg.

"Niandike umeonekana na nani?" akauliza.

"Andika umeonekana. Inatosha."

"Na wale bamama?"

"Waulize wenyewe."

Aliinuka kwenda kuwauliza. Nilimsikia kupitia pazia akianza, na yule wa Ufunuo akimkatiza kabla hajafika mbali, akidai kuwa kama anaandika historia, aandike pia kwamba maji yalikuwa mazuri lakini ngoma ilihitaji gitaa. Akarudi, akaongeza neno moja baada ya Johannesburg, saluni, akabonyeza kuhifadhi yeye mwenyewe. Nilimfungia diski katika mfuko mpya wa karatasi.